Barafu Kwenye Njia ya Tirinyi

Sanduku lilipofunguliwa, mafurungu hayakuwemo. Mlikuwa na miche miwili ya sabuni ya kufulia, imelazwa ubavu kwa ubavu juu ya kitambaa cheupe kama watoto waliolazwa mchana.

Inspekta Nambozo wa upelelezi, Mbale, aliinama akainusa. Ilikuwa saa tisa na nusu, Jumamosi, na mvua ya mlimani ilikuwa inalipiga paa la gari.

"Sabuni hii imetoka wapi?"

"Kwenye vifurushi vya bibi harusi, hapo chini ya kiti," akajibu Hajati Fatumah, nyanya wa bibi harusi, mwanamke wa miaka themanini aliyekaa wima kama aliyekaguliwa gwaride tangu utotoni. "Mwizi aliiweka ili sanduku lisiwe jepesi."

"Basi mwizi alifanya kazi yake humu humu ndani," alisema Nambozo. "Na alikuwa na haraka."

Alipenda kuanza hivyo, kwa jambo moja la hakika. Miaka kumi na tisa ya kazi ilimfundisha kwamba ukiwa na jambo moja la hakika, mengine yatakuja yenyewe kukutafuta.

Gari lenyewe lilikuwa kituko cha mtaa. Lilikuwa gari-nyumba: vitanda viwili, jiko, choo, mapazia, na juu ya paa kiyoyozi kikubwa. Kampuni moja ya utalii ya Jinja hulikodisha kwa wageni siku za juma, na mwisho wa juma hulikodisha kwa maharusi wanaotaka kumaliza safari yao bila jasho wala vumbi. Asubuhi hiyo lilitoka Mpumudde, Jinja, baada ya ndoa kufungwa. Sasa lilikuwa limesimama mbele ya nyumba ya bwana harusi, na bibi harusi hashuki.

Hashuki kwa sababu ya mafurungu. Yalikuwa mawili, ya fedha nzito, yenye punje ndani zinazolia mguu ukikanyaga. Nyanya wa Hajati Fatumah mwenyewe alikuja nayo kutoka Sudan, akitembea nyuma ya mumewe askari, na tangu hapo kila binti wa ukoo huo wa Wanubi hukanyaga kwa mumewe akiwa ameyavaa. Bila mafurungu, mguu hauteremki.

Bwana harusi, Tamim, alikuwa amesimama langoni chini ya mwavuli na kanzu yake mpya, mtu aliyeoa asubuhi na kufikia alasiri hana mke nyumbani. Nambozo alimwonea huruma, na kicheko pia kikamkaribia.

"Yakikosekana mpaka magharibi," Hajati Fatumah alisema, "gari linageuzwa. Tunarudi naye Jinja. Na mume aje azungumze upya."

Nyuma, kwenye kitanda, Juwairiya, bibi harusi mwenyewe, alianza kulia taratibu, mikono yake ya hina ameinyanyua asijifute nayo uso. Shangazi yake Kulusumu, aliyemsindikiza kama desturi inavyotaka, alikuwa amekaa kando yake na blanketi magotini, akimpangusa machozi kwa ncha ya mtandio.

Nambozo akatazama saa. Alikuwa na saa tatu.

Mtuhumiwa alishapatikana kabla yeye hajafika. Konstebo Wanzala, kijana mwema lakini mwepesi wa pingu, alikuwa amemfunga dereva kwenye mpini wa mlango.

"Huyu ndiye alikuwa na ufunguo wa gari, afande," Wanzala alisema kwa fahari. "Ya leo imekuwa rahisi."

"Rahisi huwa inanitia shaka," Nambozo akajibu, akavuta kigoda. "Jina?"

"Isiko, afande."

"Kazi?"

"Dereva. Na fundi ya hii gari. Jenereta, maji, AC, yote ni mimi."

"Ufunguo anao nani mwingine?"

"Hakuna. Mimi peke yangu."

"Unajua kwamba hapo umejifunga mwenyewe?"

"Najua, afande. Lakini ni ukweli. Nitafanya nini?"

Alijibu kwa upole. Nambozo ni Mugisu, Isiko ni Musoga, wenye mali ni Wanubi. Kiswahili ndicho kilichowaketisha wote meza moja, kila mtu akikikata kwa kisu chake. Hajati Fatumah alikuwa nacho tangu kambini kwa baba yake, naye alikitumia kama mwenye mali.

"Msimhurumie," alisema. "Hata hiyo kazi yake ya ufundi ni ya uongo. AC ilitufia njiani. Tulikaribia kupikwa! Halafu maji yakatudondokea kichwani. Mchafu huyu, hata kuosha mashine hajui."

Hapo Isiko akapandwa na hasira. Kuitwa mwizi alivumilia. Kuitwa fundi mchafu kulimshinda.

"Hajati, hapana! Hiyo usiseme! Filta nimeosha leo saa kumi na mbili ya asubuhi, Mpumudde, kila mtu akiona. Kila safari naosha. Sabuni kidogo, maji baridi, naanika kwa kivuli. Hapana kwa jua, jua inaikunja. Mwaka wa tano hii, na AC yangu haijawahi lala barabarani hata siku moja!"

Nambozo alinyanyua macho. Mtu aliyefungwa pingu kwa wizi, na kinachomuuma ni filta.

"Tuliza moyo," alisema. "Nielezee. Ilikufaje?"

"Ilishika barafu, afande."

"Barafu? Njia ya Tirinyi, saa sita mchana?"

"Ndiyo. AC inavuta hewa ya ndani, inaipitisha kwa koili baridi, inairudisha. Hewa ikikosa kupita, ile baridi haina pa kwenda. Inaganda hapo hapo kwa koili. Na barafu ikishika, hewa inazibwa zaidi. Tulitoka Jinja ikipuliza kidogo. Iganga kidogo zaidi. Tukikaribia Namutumba, imekufa."

"Na hewa inakosa kupita kwa sababu gani?"

"Filta chafu. Mara mia, ni filta chafu."

"Na yako?"

"Fungua uone. Mimi siwezi, mikono iko na pingu."

Nambozo alisimama juu ya kigoda. Katikati ya dari palikuwa na kifuniko cha plastiki chenye vifungo viwili. Vilifunguka kwa vidole tu. Filta ikashuka mkononi mwake. Aliinyanyua kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa safi kama chujio jipya la chai, na ilinukia udi.

"Safi," alisema.

Hajati Fatumah alikunja uso. Isiko alifumba macho kwa shukrani, kana kwamba ameshaachiwa huru.

"Udi huu?"

"Ni wetu," Hajati akasema. "Gari la bibi harusi hufukizwa kabla hajapanda. Mimi mwenyewe niliyapiga mafurungu majivu na ndimu saa tatu, nikayarudisha sandukuni humu humu. Halafu tukaingia nyumbani kwa ndoa, na Kulusumu akabaki kufukiza."

Nambozo aliandika. Kwenye kitanda, Kulusumu aliendelea kumpangusa mwari wake.

"Isiko. Filta safi, lakini barafu ilishika. Ulitengeneza nini pale Namutumba?"

"Hapo ndipo kichwa inaniuma, afande. Sikutengeneza kitu. Nilizima kompresa, nikaacha feni peke yake iyeyushe barafu. Wakashuka kunywa chai. Baada ya nusu saa nikawasha, ikapuliza vizuri kama mpya, mpaka hapa. Tumefika, mvua imeleta baridi, bibi harusi anatetemeka, nikaigeuza kwa joto. Sikia inavyovuma."

Nambozo aliweka kiganja chini ya tundu la dari. Hewa ya uvuguvugu ilimjaa mkononi.

"Mashine moja inatoa baridi na joto?"

"Ile ile, afande. Inageuza safari tu. Ukitaka baridi, inachukua joto ya ndani inatupa nje. Ukitaka joto, inakusanya ile kidogo ya nje, inaleta ndani. Hata mvua hii iko na joto yake kidogo."

"Na baada ya Namutumba ilipona yenyewe."

"Ndiyo hiyo sielewi. Mtu anaweza kupona mwenyewe. Mashine, hapana."

Nambozo alitazama juu darini. Kisha akatabasamu, tabasamu ambalo Wanzala aliliogopa kuliko kelele zake.

"Mfungue pingu, Konstebo."

"Lakini afande, ufunguo..."

"Mfungue. Nahitaji fundi."

Alimulika tochi juu ya dari. Nyuma ya pale filta ilipokaa palikuwa na nafasi kama kabati dogo, na mbele yake mapezi ya koili, membamba, yamepangwa kama kurasa. Kwenye mapezi mawili yaliyopinda ulining'inia uzi wa zambarau. Aliuvuta kwa kibanio, akautia kwenye mfuko wa vielelezo.

Wanawake wote wa msafara walivaa mitandio ya sare. Ilikuwa ya zambarau.

"Hajati, mafurungu yakifungwa pamoja ni makubwa kiasi gani?"

Bibi akaonyesha kwa mikono: ukubwa wa mkate. Nambozo akaikunja miche ya sabuni ndani ya taulo mpaka ikafikia kipimo hicho.

"Zima, Isiko. Nikishaweka hiki, unipe baridi."

"Nitazima. Lakini kuwasha, tutasubiri dakika tano."

"Sina dakika tano."

"Hata rais akija atasubiri, afande. Ndani ya kompresa kuna presha. Ukiwasha mbio, inakwama, inaungua. Lazima itulie kwanza."

Nambozo hakuzoea kuamriwa, lakini aliiheshimu kazi ya mtu anayeijua. Akasubiri. Na kwa kuwa alikuwa anasubiri, akauliza.

"Hajati, pale Namutumba, Isiko alikuwa wapi?"

"Mbele yangu. Karibu na jenereta."

"Muda wote?"

"Muda wote. Nilikuwa namgombeza."

"Nusu saa nzima?"

"Sikuwa nimemaliza."

Wanzala alicheka, akajifanya anakohoa.

"Kwa hiyo wewe mwenyewe ndiye shahidi wake," alisema Nambozo. "Hakuingia garini?"

Hajati Fatumah alimtazama Isiko. Alikuwa mkali, lakini hakuwa mwongo. "Hakuingia," alisema.

Dakika tano zilitimia. Isiko akawasha. Mashine ikanguruma juu, lakini kwenye matundu ilitoka pumzi ya mgonjwa tu. Isiko alirusha mkono juu.

"Hivyo! Hivyo kabisa ndivyo ilikuwa Iganga! Kulikuwa na kitu humo, afande!"

"Kulikuwa na mafurungu humo," alisema Nambozo. "Yaliingia Mpumudde, baada ya Hajati kuyasafisha. Yalifungwa kwa kitambaa yasilie barabarani, na kitambaa ndicho kilichoziba hewa. Yalitoka Namutumba, wakati barafu inayeyuka, maana aliyeyaficha aliogopa fundi atafungua dari. Mwizi hakujua kitu kimoja tu: kwamba mashine itapona na itatuambia saa aliyoyatoa."

Alitoa taulo lake darini, akarudisha filta, akafunga kifuniko. Feni ikavuta pumzi yake kamili tena.

"Zima kabisa. Juwairiya binti yangu, Namutumba ulishuka?"

"Hapana, afande. Nilikuwa nimelala hapa, pazia limefungwa."

"Ulisikia chochote?"

"Hapana. Niliota tu." Msichana alisita, akaona haya. "Niliota nimeshavaa mafurungu. Nilisikia yakilia, mara mbili tatu, polepole. Nikafurahi. Halafu nikaamka, nikaona ni shangazi tu."

Isiko, kwa adabu, alitazama chini.

Nambozo alikuwa ameliona jambo jingine tangu anaingia, na alikuwa ameliweka kando lipoe. Kila mtu garini alisimama kumpokea au kumpisha. Hata bibi wa miaka themanini alisimama. Mmoja tu hakusimama, wala hakuondoa blanketi.

"Mama Kulusumu," alisema kwa sauti ya kawaida. "Simama."

"Miguu inaniuma, afande."

"Basi inyooshe."

Kulusumu alimtazama mpwa wake, akamtazama mama yake, Hajati. Alikuwa mwanamke mnene wa miaka arobaini na kitu, mwenye uso wa kupenda kucheka. Siku hiyo uso ulikuwa umezimika. Akasogeza mguu mmoja chini ya blanketi, inchi moja tu.

Sauti ilikuwa ndogo. Hajati Fatumah aliinuka nusu, akashika meza. Sauti hiyo angeitambua hata usingizini.

"Wewe?" alisema. "Binti yangu mwenyewe?"

"Ni mimi, Mama."

Aliliondoa blanketi. Mafurungu yalikuwa miguuni mwake, chini ya gauni, na kitambaa cha zambarau kilichochanika, bado kibichi, amekikunja mapajani.

"Sema yote," Nambozo alisema. Hakutoa pingu. "Anza Mpumudde."

"Nilibaki kufukiza. Sanduku lilikuwa hapo. Nilisema niyaguse tu. Halafu nikasikia Isiko anakuja na ufunguo wake. Asubuhi nilimwona anafungua dari. Nikayafunga kwa nusu ya mtandio nikayasukuma humo, sabuni nikaitia sandukuni. Nilidhani nitayatoa mara moja. Wakapanda wote, nikashindwa. AC ilipokufa nilijua ni mimi. Namutumba nikayatoa. Nikayavaa, nikayabana kwa blanketi yasilie."

"Ulitaka kuyauza?"

"Kuuza!" Kulusumu alimtazama Inspekta kana kwamba ametukanwa. "Nilitaka kuyavaa."

"Kwa nini?"

Hakumjibu Nambozo. Alimjibu mama yake.

"Miaka ishirini na mbili, Mama. Nilikuletea Isabirye. Mwislamu, mswalihina, mkulima wa Budondo. Ukasema ni Musoga, si mtu wetu, na mafurungu hayatoki kwa mgeni. Nikashuka Budondo miguu mitupu. Mama zake walisimama kwa mstari wasikie. Walikuwa wameambiwa mabibi harusi wa Kinubi hulia wakitembea. Walinitazama miguu, Mama. Hakuna aliyesema kitu. Isabirye amekufa mwaka juzi, na mpaka anakufa hakuniuliza kwa nini. Na leo Juwairiya anaolewa na Mugisu. Mugisu, Mama! Si mtu wetu vilevile. Na yeye umempa, kwa mkono wako, umeyapiga na ndimu."

Hajati Fatumah, aliyekuwa bado ameshika meza, akaketi.

"Sikumwonea wivu mtoto," Kulusumu alisema, akimshika Juwairiya mkono. "Wallahi. Namwombea heri. Lakini nilisema nivuke nayo mpaka Mbale, mara moja tu, halafu nitayarudisha kabla sanduku halijafunguliwa. Nikafika, Mama akafungua mapema. Nikaogopa. Wakamfunga Isiko. Musoga kama mume wangu, amefungwa kwa ajili yangu, na mimi nimenyamaza." Akamgeukia dereva. "Kaka, nisamehe. Hiyo ndiyo aibu yangu kuliko wizi."

Isiko alisugua vifundo vya mikono. "Nimesamehe, nyabo, dada yangu. Lakini kwa koili usiweke kitu tena."

Nambozo alifunga daftari. Wizi ulikuwa wizi, na ungamo lilikuwa kamili. Angeweza kuondoka na mtu na karatasi. Lakini sheria ina mlango wake, na mlango huo una jina.

"Hajati Fatumah. Wewe ndiye mlalamikaji. Mali imepatikana. Unataka kesi iendelee?"

Bibi alisogea karibu. Alikuwa anatazama miguu ya binti yake. Aliinama akagusa furungu moja kwa kidole. Alipoongea, sauti ilikuwa ya mtu mwingine.

"Yamekutosha," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Nilidhani ulisahau."

"Sikusahau hata siku moja."

"Nilikosea, Kulusumu. Nilijua tangu siku ile ile. Gari lenu halijafika hata darajani nikajua, na kiburi kikaniziba." Akajifuta macho kwa kiganja. "Simama. Tembea nikuone."

"Mama, Juwairiya anangoja, mumewe yuko kwenye mvua..."

"Shangazi, tembea," alisema Juwairiya, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alicheka.

Kulusumu alisimama. Kutoka kitandani hadi mlangoni palikuwa na hatua saba. Aliikanyaga ya kwanza kwa woga, ya pili kwa aibu. Kwenye ya tatu mafurungu yalilia kwa sauti yao kamili, na mgongo wake ukanyooka. Isiko alikuwa ameshika swichi ya kiyoyozi ili kurudisha joto.

"Afande, dakika tano zimeisha. Niwashe?"

"Bado," alisema Nambozo. "Acha tusikie."

Kulusumu alipofika mlangoni, Hajati Fatumah alitupa kichwa nyuma na kupiga vigelegele, vile virefu ambavyo mama humpigia binti anayefika kwa mumewe. Nje, kwenye mvua, wanawake wa Mbale walivisikia. Walidhani bibi harusi anashuka, wakaitikia wote kwa pamoja.